Kabati la Mtungi wa Kuzimia Moto

Leo moto nimeuwasha mwenyewe, nikakosa cha kuuzimia. 😂

Mnajua nilikuwa zimamoto mpaka nikastaafu, na siku hizi nafundisha usalama. Asubuhi nilikuwa Gisozi, kwa maseremala.

Nikauliza kwanza, "Mtungi wa kuzimia moto upo?"
Wakaitika wote: "Upo!"

Basi nikawasha maranda kidogo kwenye karai, uani.
"Haya, uleteni!"

Wakanionyesha kabati. Jamani, kabati! Vanishi inang'aa, kioo mbele, na kufuli kubwa.

"Tuliujengea nyumba, afande," akasema Habimana, fundi wao, kifua mbele.
"Ufunguo?"
"Iko na patron, bosi yetu. Patron iko mbali, Busanza."

Upepo nao ukaanza kuvuma!

Nikavua koti langu zuri, nikalitupia karai, nikakandamiza mpaka moto ukafa. Wakanipigia makofi, wakidhani ndilo somo lenyewe!

Koti limekwisha. Lakini Habimana ameng'oa mlango wa kabati mwenyewe, uso umemkunjamana kama anang'olewa jino. Ameshaupigilia miguu ukawa meza, na juu yake ndipo nilipoweka chai yangu sasa hivi.

Na wewe, mtungi wa kwenu uko wapi?
Usiniambie "upo". Inuka ukauguse, ndipo uje unicheke.