Dawa ya Maji

Kila Jumamosi nilikuwa nambadilishia samaki wangu maji. Ni samaki mmoja tu, aina ya beta, mwekundu, mwenye mapezi marefu kama kitenge kilichofungwa vibaya. Sikumwaga maji yote, maana yakibadilishwa yote kwa mpigo samaki hushtuka. Nilitoa robo, nikarudisha robo ya maji ya bomba yenye uvuguvugu uleule, na kabla ya kuyamimina nilitia matone machache ya kichupa cha dukani. Matone hayo huondoa klorini, ambayo sisi tunainywa bila habari lakini samaki inamchoma matamvua.

Maman alipokuja kutoka Goma kukaa nami, alisimama nyuma yangu akitazama.

"Unatia nini?"

"Dawa ya maji, maman."

Uvivu wangu ulianzia hapo. Kueleza kusingenichukua muda, lakini zamu ya kazi ilikuwa imenichosha na neno lilikuwa jepesi. Naye alifurahi. Tangu ashuke kwenye ndege, hakuna kitu cha Bruxelles, huku Ubelgiji, alichokuwa amekielewa upesi hivyo.

Kwetu dawa ya maji ni klorini yenyewe. Wakati wa kipindupindu, tukiwa kambi ya wakimbizi, maman alipanga foleni na bidon yake, dumu la manjano, hadi atiliwe dawa, kisha akatunusisha kikombe sisi watoto, mmoja mmoja. "Inanuka dawa? Bon, mukunywe." Hakuna hata mmoja wetu aliyekufa.

Basi Jumamosi moja nilichelewa saluni, kule kwenye maduka ya Galerie. Nywele zilikuwa zimekwisha sukwa, ila umbea ulikuwa bado mtamu. Nyumbani maman akaona saa ya samaki inapita. Kichupa kilikuwa kitupu. Akachungulia chini ya sinki, akakuta Javel yangu, klorini ya kufulia, akainusa, akaijua. Akatia matone mawili kwenye maji mapya, akayamimina.

Nilipofungua mlango harufu ilinipokea. Samaki alikuwa amelala ubavu juu ya maji, akitweta. Mimi hasira zangu haziko mbali.

"Mais maman, umemuua! Nani alikutuma? Huku haiko ku camp!"

Maman alikuwa bado ameshika kifuniko cha Javel.

Nilipasha moto kidogo maji ya kunywa ya chupa, nikamhamishia samaki kwenye bakuli, nikapiga magoti mbele yake nikimwambia pole, pole sana, nisamehe, usife. Hakufa. Mapezi yalichanika, lakini siku hizi ananijia kwenye kioo akidai chakula, amekwisha sahau.

Maman ndiye hakurudi kuwa alivyokuwa. Nilimweleza mambo ya klorini taratibu, kama mwalimu, naye akakubali, "d'accord". Nilimweleza yote isipokuwa kwamba lile neno nilimpa mimi. Naona aibu hata kuliandika. Hasira hasara, tunasema, na hasara ya hasira zangu ameibeba yeye.

Sasa akishikwa na kiu anafungua bomba, anajaza glasi, ananusa, halafu ananigeukia.

"Mutoto wangu, haya maji niko na ruhusa ya kunywa?"

"Kunywa, maman."

Anakunywa amesimama, anaosha glasi, anairudisha mahali pake. Samaki nilimwomba radhi siku ileile, tena kwa magoti. Maman bado.