Mama mkwe alikuta jiko baridi

Leo nusura mama mkwe arudi Kondoa bila kula, na kuku nimempikia!

Wanaonijua wanajua mapishi yangu. Kuku wa kienyeji anatokota kidogo tu, kisha sufuria naiweka kwenye kapu langu lenye sponji, nafunika joto lisitoke. Anaiva humo humo, mkaa nimeshauzima.

Sasa mama kafika hapa mtaani kwangu Kikuyu mchana. Shikamoo, maji ya kunywa, habari za nyumbani.

Akachungulia jikoni.

Jiko baridi. Hata moshi hakuna.

Akarudi, akajitanda kanga yake.

"Mwanangu, acha niwahi basi."

Jamani! Kwao, mgeni akikuta jiko halina moto, ameshaambiwa aende zake.

Sikubishana. Nililibeba kapu hadi mkekani, nikalifunua mbele yake. Mvuke ukampiga usoni. Kuku kalainika mpaka mfupa unachomoka wenyewe.

Mama akaketi. Akala. Akaomba mchuzi tena.

Nimeshinda, na sioni haya kusema.

Ila jioni kapanda basi, na kapu langu kalipakata.

Mnaocheka, njooni mnisaidie kupuliza mkaa.