Uduvi Niliomtilia Mama Roza

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Nakueleza wewe usiyenijua, kwa sababu wanaonijua wananiona mtu mwema, nami nawaacha wanione hivyo.

Mdogo wangu Mwanatumu alikuwa akimpikia mama mmoja Mtaliani, mjane, anayekaa peke yake huku kwetu Likoni. Tumwite Mama Roza. Mwanatumu alipokaribia kujifungua akanijia.

"Dada, nishikie kazi mpaka nitoke arobaini. Baba mtoto ni mtu wa vibarua, hii ndiyo inayotulisha."

Akanifunza vyakula vya kwao: maharagwe meupe yachemshwe mpaka yalainike, kitunguu thomu, nyanya, mafuta ya zeituni, sukuma au mchicha uliokatwakatwa, na makaroni kidogo. "Hali nyama wala samaki," akanisisitizia. "Usimjaribu, dada."

Nilisikia. Sitasema sikusikia.

Nikapika kama nilivyofunzwa. Mama Roza akala vijiko viwili vitatu, akashukuru, akaisukuma sahani. Kila siku hivyo hivyo. Mwenyewe amekonda, mikono kama vijiti! Mimi sikusoma sana, lakini kupika najua, na roho iliniuma. Tena niseme haki yote: haikuwa huruma tupu. Nilitaka na kusifiwa.

Sasa mtaani kwetu Shika Adabu mboga hutiwa uduvi, wale kamba wadogo mno wanaoanikwa juani. Mboga isiyo na uduvi ni ya mgonjwa. Nikajidanganya nafsi yangu: kijiko kimoja si samaki, ni ladha tu. Nikaukaanga, nikautwanga ukawa vumbi, nikautia kwenye maharagwe.

Yallah! Mama Roza alikula mpaka akaipangusa sahani kwa mkate.

"Leo umetia nini, wewe?"

"Bizari ya nyumbani, mama."

Bizari! Kwa ulimi wangu huu huu.

Tangu hapo akawa anakula. Mashavu yakarudi. Akawa ananifuata jikoni ananitania, "Wewe mchawi wewe, siku moja nitakuibia hiyo bizari," nami nacheka naye. Wallahi nilikuwa na furaha.

Mpaka mchana mmoja, anakula, akanionyesha picha ya kijana ukutani. Mwanawe wa pekee. Alikwenda kuogelea bahari hii hii yetu, na mwili haukuonekana.

"Tangu siku ile, kitu cha bahari hakipiti hapa," akagusa koo lake. "Ni nadhiri. Samaki wale walimla mwanangu. Nitawalaje?"

Akachota kijiko kingine, akala.

Ole wangu! Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika mimi.

Kesho yake sikutia. Akaonja, akaweka kijiko. "Leo mkono wako uko wapi?" Akashinda na chai. Siku ya pili vilevile. Siku iliyofuata nikautia tena. Ndiyo, nikijua! La kwanza lilikuwa ujinga na kiburi. Hili sijui niliite nini.

Arobaini ikafika, Mwanatumu akarudi kazini na kitoto chake. Haukupita muda akanipigia simu.

"Dada, mama hataki chakula changu. Ataka nitie bizari yako. Ni bizari gani hiyo?"

Nikimwambia, namtia dhambini pamoja nami. Nisipomwambia, kazi inamponyoka.

"Imekwisha," nikasema.

"Basi nitajie jina nikanunue."

"Haiuzwi."

Mama Roza akamwambia Mwanatumu akae nyumbani alee mtoto, akaniita mimi, nami nikaenda. Simlaumu. Hakujua alichokuwa akikichagua.

Mwanatumu alikuja mpaka mlangoni kwangu, mtoto begani, hata kuketi hakuketi. "Nilikupa unishikie, dada. Sikukupa uichukue."

Nikamweleza yote. Mwanzo alicheka. "Uduvi? Uduvi, dada?" Kisha kicheko kikakatika. Akamhamisha mtoto bega la pili.

"Nenda kamwambie."

"Nikimwambia atanifukuza."

"Mimi nimeshafukuzwa."

Ana haki, kila neno. Nilikwenda kweli, nikasimama mbele ya meza. "Mama, nina neno." Akanishika mkono. "Ngoja nile kwanza. Unajua, kabla yako nilikuwa nangojea kufa tu. Niongezee."

Nikamwongezea!

Mshahara nampelekea Mwanatumu, anaurudisha. Nilimwambia namwachia kazi, akaniuliza, "Nikapike nini, dada?" Huenda mwingine angejua la kufanya. Mimi kila nikigeuka kuna mtu namuumiza.

Nyinyi mnaopikia watu, nawaomba. Mtu akikwambia hiki sili, usitafute njia ya kukipitisha kwa nyuma. Si lazima uijue sababu yake. Ongeza chumvi, ongeza kitunguu, na ukishindwa mwache ale vijiko vyake viwili ashukuru. Vile viwili vilikuwa halali yake.

Maharagwe ya kesho nimeshayaroweka. Uduvi umo ndani ya kopo la bizari, na Mama Roza ameshaniuliza chakula kitaiva saa ngapi.