Kalamu Aliyoiacha Kaka

Mimi na kaka yangu tulikuwa mafundi katika karakana ya mgodi wa dhahabu, Saza. Yeye ndiye aliyenifundisha kukereza mti na kutia njumu, yaani kuchimba mfereji mwembamba na kulaza ndani yake uzi wa shaba mpaka kidole kisiuhisi. Alipochonga alizuia pumzi, kisha akapuliza vumbi mara moja, fuu, kama anayezima mshumaa.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa kanisa kijijini kwetu, Ruanda, naye ndiye aliyeandika daftarini waliozaliwa na waliokufa. Kaka akaanza kumtengenezea kalamu ya wino. Nibu na mpira wa wino alivitoa kwenye kalamu mbovu ya karani, mwili akaukereza kwa mpingo. Ubavuni alikuwa akichonga neno MTUMISHI.

Masika yalipoanza alitumwa chini kutengeneza pampu. Mwamba ukaporomoka. Tulichimba siku nne, kisha wakubwa wakaamuru shimo lifungwe. Kaka hakutolewa.

Niliipeleka kalamu nyumbani. Mama aliendelea kumpakulia kaka chakula kila siku, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Baba naye hakuliandika jina lake. Alisema hawezi kumwandika mfu mtu ambaye hakumzika. Miezi ikapita hivyo, mpaka siku moja akanitilia kalamu ile mkononi.

“Imalizie,” akasema.

Kaka alikuwa ameishia MTUM. Zilibaki herufi nne. Nilikaa nje, mchana kweupe, nikaanza. Kaka aliipenda S yenye mkia mrefu. Yangu siku zote ilikuwa fupi. Siku ile ilitoka na mkia, na sikumbuki kuukata. Nilikuwa bado nimezuia pumzi niliposikia, karibu kabisa na sikio langu, fuu. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Vumbi lilikuwa limeondoka juu ya mti, nami sikuwa nimepuliza.

Nilimaliza, nikawapelekea. Baba aliweka kidole pale nilipoanzia, akasoma sehemu yangu peke yake.

“Ishi,” akasoma, kisha akampa mama kalamu.

Mama hakujua kusoma. Alipitisha kidole gumba juu ya herufi zote, taratibu. Nikamwuliza kama anatambua kaka aliishia wapi.

“Hakuishia popote, mwanangu,” akasema. “Hii yote ni kazi ya mkono mmoja.”

Sikuwaambia nilichokisikia.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, baba aliijaza kalamu wino, akaliandika jina la kaka miongoni mwa waliolala. Jioni hiyo mama alipakua sahani tatu tu.

Mimi sikurudi Saza. Nilihamia Tunduma, nikawa seremala wa milango na viti. Makarani wa mpakani, waliosikia habari za kalamu ya baba, walinijia mara nyingi wakitaka niwatengenezee kama ile. Niliwajibu kwamba kazi hiyo siijui.