Kichanga cha Bluu

Ninyi chekeni tu, wenzangu kazini wameshacheka hadi wamechoka. Mimi ni nesi katika kituo cha afya huku tambarare, chini ya milima ya Upare. Asubuhi moja ya manyunyu alishuka mama mmoja kwa bodaboda kutoka Gonja pamoja na mama mkwe wake, wamelowa chapachapa. Walileta kichanga kuangaliwa kitovu, wamemfunga kwenye kanga mpya aliyopewa na bibi yake.

Nilipoifungua kanga, nikaona viganja vya bluu na nyayo za bluu. Mtoto akigeuka bluu, hewa haimfikii. Nikamkumbatia na kanga yake, nikakimbia naye kwa daktari.

"Daktari, oksijeni. Mtoto anatuacha."

Mama yake alinifuata akilia, bibi akisali kwa Kipare. Mtoto mwenyewe alilia kwa nguvu kutushinda sote, na hilo peke yake lingetosha kunizindua.

Daktari alitazama kwanza ulimi, kama tulivyofundishwa chuoni. Ulikuwa mwekundu, mzima kabisa. Akalowesha pamba, akafuta unyayo. Pamba ikawa ya bluu, unyayo ukawa wa mtoto.

"Bibi, shikamoo. Hii kanga mliifua?"

"Marahaba. Zawadi haifuliwi kabla ya kuvaliwa, mwanangu."

Daktari akanigeukia. Mikono yangu ilikuwa bluu hadi kwenye kucha, na sare yangu nyeupe bluu kifua kizima.

"Na wewe nesi," akaniuliza taratibu, "hewa inakufikia?"