Saa Kumi na Moja, Mlango Umefungwa

Dada yangu ni dobi, na mlango wa chumba chake cha pasi haufungwi, mvua inyeshe, vumbi litimke. Hata chooni huacha upenyo, na ole wako upite bila kukohoa.

Kwa hiyo binti yake alipopiga simu kutoka ughaibuni kusema ana mimba tena, nilijua kazi ipo. Mimba ya kwanza ilimtoka akiwa huko peke yake, na dada alikuwa ameapa kwamba ya pili watakuwa wote. Tulipokwenda kuulizia nauli, mkata tiketi alimwambia ni kilomita elfu nane na mia mbili, saa kumi na moja angani bila kutua popote. Kilomita hazikumshtua. Aliuliza tu kama mlango wa ndege hufunguliwa katikati ya safari. Mkata tiketi alicheka, mpaka akaona dada hacheki.

Tulipofika nyumbani dada akanikabidhi ufunguo. Alitaka nimfungie chumba cha pasi kwa nje, nisifungue mpaka muda aliosema utimie, na kila siku tuongeze kidogo. Nikamwambia amechanganyikiwa, na kama ni lazima basi atafute mtu mwingine. Sote wawili tulijua hofu ile ilianzia wapi. Nikiwa na miaka saba nilimfungia stoo kwa utani, nikaenda kucheza, nikasahau mpaka giza likaingia. Mama alipouliza, dada alisema mlango ulijifunga wenyewe. Hajawahi kunisema, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

"Ni wewe au hakuna," akasema.

Siku ya kwanza alidumu dakika ishirini. Alitoka jasho chapachapa, akanitukana matusi ya mwaka mzima, utadhani wazo lilikuwa langu. Siku ya tatu alitapika kwenye beseni, akalisugua, akarudi ndani. Wiki ya pili alifikisha saa nne, na wateja wakaanza kushangaa kuona hata soksi zao zimepigwa pasi.

Jumamosi moja tukaanza saa kumi na mbili asubuhi, safari nzima. Nilikaa kwenye kiti nje ya mlango. Saa tisa alasiri akagonga, mara moja tu, taratibu. Nikaruka, ufunguo tayari.

"Nifungue?"

"Nani kasema ufungue? Nauliza kama upo."

"Nipo, dada."

"Basi kaa hapo hapo."

Nikakaa. Haja ndogo ilinibana vibaya sana, lakini sikuinuka. Saa kumi na moja jioni nilipofungua, alikuwa sakafuni, macho yamevimba kwa kulia, na hata nafasi ya kumkumbatia hakunipa.

"Kanikatie tiketi," akasema. "Mwanangu hazai peke yake."