Mkeka wa Dada Tekla

Nimeiweka simu chini, nimeiokota, nimeiweka tena. Wanasema Tekla amefariki. Tekla yupi? Tekla wangu?

Jumapili tumeongea. Alinicheka goti langu, akaniambia nishuke ziwani nikale samaki kabla sijawa mzee. Nimepita themanini, eti kabla sijawa mzee.

Asubuhi hii binti yake anapiga, "Shikamoo mama mdogo," halafu akaanza kulia. Nikajua. Lakini mpaka sasa kichwa kinakataa.

Nyie mnaonifuata huku mtandaoni mnanijua kama mkunga mstaafu wa Kitura anayewasumbua na picha za kahawa. Aliyenifundisha kufungua mdomo hamumjui. Ngoja niwaambie, la sivyo nitapasuka.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Baba alikwenda Tanga kukata mkonge, mama akatushusha kutoka Namswea kwenda kwa shangazi, kando ya ziwa. Mimi mtoto wa Kimatengo wa milimani, Kinyasa cha watu wa ziwani sijui, kuogelea sijui. Tekla, jirani wa shangazi, tayari msichana mkubwa, akanishika mkono siku ya kwanza kanisani akanikalisha karibu naye.

Wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto. Neno lilisomwa kwa Kiswahili, na bibi wa upande wetu Kiswahili walikuwa wanakisikia sokoni tu. Tekla alikuwa amesoma shule ya misheni. Akawa anakaa katikati yao, anawafasiria kwa Kinyasa, mstari kwa mstari, kwa sauti ya chini. Kinyasa changu nilikipatia hapo.

Siku moja Mwalimu Yohana, mwalimu wetu wa kanisa, akasoma pale Paulo anapowaambia Wakorintho wanawake wakae kimya kanisani, na wakitaka kujua jambo wakawaulize waume zao nyumbani. Alisoma taratibu, macho kwa Tekla.

Tekla akafasiri yote. Hakuruka kitu.

Bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Waume gani? Si wako kwenye mkonge?" Upande wetu wote ukaangua kicheko.

Mwalimu akafunga kitabu. Akasema Tekla amelidharau Neno, na kipaimara asahau.

Askofu alikuwa anakuja kwa meli kukitoa. Gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa, mama yake alikuwa ameuza mihogo ya msimu mzima kulipata. Watu wanamkumbuka Tekla kwa utani wake. Mimi nilimwona nyuma ya kanisa akilia mpaka kilemba kikalowa.

Jumapili iliyofuata aliambiwa akae mlangoni na waliotengwa na kanisa. Akakaa. Bibi wakaingia ndani, wakasikiliza kidogo, hawaelewi kitu. Mmoja akanyanyuka na mkeka wake akaenda mlangoni afasiriwe. Mwingine akamfuata. Mahubiri yanaisha, upande wa kushoto tumebaki watoto.

Nacheka peke yangu hapa, halafu nakumbuka kwamba wa kumpigia tucheke wote ndiye huyo hayupo. Jamani.

Padri wa misheni alipokuja kututembelea, kesi ikapelekwa kwake. Tulichungulia dirishani. Tekla alipiga magoti, "Shikamoo Padri," kisha akasema bila ukali wowote, "Paulo huyohuyo, kurasa chache nyuma, anasema mwanamke akiomba na kutoa unabii afunike kichwa. Mimi kichwa nimefunika. Kama kufungua mdomo siruhusiwi, kilemba hiki ni cha nini?"

Padri akajikuna shingo.

"Lakini amesema wanyamaze," Mwalimu Yohana akasema.

"Ndiyo, Mwalimu. Sasa nikinyamaza mimi, nani atawaambia bibi zangu kwamba wameambiwa wanyamaze?"

Mwalimu alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka puani.

Padri akaamua hivi: kipaimara atapata, na kufasiri aendelee. Ila asisimame, wala asikae kwenye benchi. Akae chini mkekani, kwa sababu anayesimama ndiye anayefundisha, na mwanamke kuwafundisha wanaume haikuruhusiwa. Mimi nasema ulikuwa uonevu, na leo bado nasema hivyo. Yeye aliniambia tukiteka maji, "Mdomo wameniachia. Mengine tutaona."

Tukaona kweli. Kumbe wazee wa upande wa kulia nao Kiswahili kilikuwa kinawapiga chenga. Mmoja akasogeza kigoda, mwingine akahamia kwenye nguzo ya kati. Ukiwauliza, eti huku kwenu kuna upepo wa ziwa. Na Mwalimu Yohana alipozeeka masikio yakagoma, akaja kukaa mkekani, ubavuni kwa Tekla, ili amrudie maneno sikioni.

Baadaye sana wanawake wakaruhusiwa kusoma mbele. Nikampigia, "Dada, simama sasa, wamekubali." Akanijibu, "Nikienda mbele, hawa wa huku chini nawaacha na nani?"

Nimeingia dyuti miaka mingi, nimebishana na madaktari, nimeongoza mitingi za wakubwa. Kila nilipotaka kunyamaza kwa woga nilimkumbuka na kile kilemba chake.

Sasa binti yake ananiuliza, mama mdogo, kesho kwenye mazishi utasoma somo lipi pale mbele?

Mwanangu, mbele siendi. Maiki wapeni wengine, wasomaji wazuri wapo. Mimi nitandikieni mkeka. Goti litauma, acha liume. Nitakaa chini karibu na jeneza, na kila mstari watakaousoma kwa Kiswahili nitamfasiria mama yako kwa Kinyasa, kwa sauti ya chini, kwa Kinyasa hiki kibovu cha Mmatengo alichonipa mwenyewe.

Lala, dada Tekla. Kesho nyamaza wewe, nitasema mimi.